Hakuna Aliyeandika Hapana: Kisa cha Binti Mmoja wa Mwaloni, Mwanza

Kila anayekuja kwangu na shida ya ofisi ya serikali namuuliza kwanza: wamekupa karatasi gani? Barua ya kukataliwa ndiyo mlango wa kazi yangu. Ukiwa nayo unajua aliyekataa ni nani, ametumia kifungu kipi, na rufaa unaipeleka wapi. Mama wa binti ninayemsimulia hapa alifungua bahasha ya kaki akapanga vitu vyake mezani kimoja kimoja: kadi ya kliniki iliyowahi kulowa ziwani ikakauka na mikunjo yake, vyeti vya dawa za kifafa, kipande chake, yaani kitambulisho cha Kenya, na picha ndogo ya mtoto ambayo pembeni unaona mkono wa mtu umeshikilia kichwa kisianguke. Binti alikuwa na miaka saba, mama amezunguka ofisi nyingi, na humo ndani hapakuwa na karatasi hata moja inayosema hapana.

“Sijawahi kukataliwa, dada,” aliniambia. “Wananiambia tu nirudi nikiwa na kitambulisho.”

Mimi ni msaidizi wa kisheria wa kujitolea, mmoja wa wale wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Nafanya kazi upande wa Ilemela, karibu na ziwa. Nimeruhusiwa na wazazi kukisimulia kisa hiki bila majina, bila mtaa, na bila kutaja ofisi zilizohusika, kwa sababu ukaazi wa mama bado haujakaa sawa na sitaki maandishi yangu yawe ndiyo yatakayompeleka mtu mlangoni kwake.

Mama ni Mjaluo wa Homa Bay. Alivuka akiwa binti, amefuatana na dada yake aliyekuwa akinunua dagaa visiwani. Huko, kwenye kambi ya wavuvi, akakutana na mvuvi Mjita kutoka Musoma Vijijini, wakaishi pamoja, na wanaishi pamoja hadi leo. Hawana cheti cha ndoa. Sheria ya Ndoa ya 1971 ina dhana inayowasaidia watu wa namna yao: mwanamume na mwanamke wakikaa pamoja miaka miwili au zaidi na jamii ikawatambua kama mume na mke, mahakama huchukulia kwamba wameoana mpaka ithibitishwe vinginevyo. Lakini dhana hiyo huizungumzi dirishani. Dirishani wanataka cheti.

Binti yao alizaliwa kambini kisiwani. Uchungu ulianza usiku, ziwa limechafuka, hakuna mtumbwi uliothubutu kuvuka. Mkunga wa jadi alimpokea mtoto kesho yake mchana. Hakulia. Alipofika miezi tisa shingo ilikuwa bado haijakaza, na alipopelekwa hospitali jijini ndipo wazazi waliposikia kwa mara ya kwanza maneno “mtindio wa ubongo.”

Hapa lazima nisimame kidogo, kwa sababu bila kuelewa ugonjwa wenyewe mtu anaweza kudhani kuchelewa kwa makaratasi ni usumbufu tu. Ubongo wa mtoto aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa huumia mara moja, na jeraha lile haliendelei kukua. Kinachoendelea kuharibika ni mwili unaoongozwa na ubongo huo. Misuli inayokaza kila siku huvuta mifupa. Mguu usiponyooshwa hukakamaa. Mtoto anayelazwa chali mwaka baada ya mwaka nyonga zake hutoka mahali pake, na mgongo hupinda. Mazoezi ya viungo na kiti kinachomshika vizuri husaidia kupunguza hayo, vikianza mapema. Ndiyo maana kwa mtoto huyu mwezi uliopotea ofisini haurudi. Unaukuta kwenye goti.

Miaka mitano ya kwanza ilikwenda bila tatizo kubwa la karatasi. Kwa sera ya afya ya nchi, mtoto wa chini ya miaka mitano anatibiwa bila malipo katika vituo vya serikali, na kadi ya kliniki inatosha. Hakuna aliyemuuliza mama ametoka wapi. Kipindi hichohicho ndicho ambacho cheti cha kuzaliwa ni rahisi kuliko wakati mwingine wowote: mpango wa RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo, wa kusajili watoto wa chini ya miaka mitano unatoa cheti bure, kwenye ofisi ya kata au kituo cha afya, na Mwanza ulikuwa miongoni mwa mikoa ya mwanzo kuupata. Gari lenye kipaza sauti lilipita mtaani kwao likitangaza. Mama analikumbuka vizuri. Alikuwa anaanika dagaa. Aliingia ndani akafunga mlango.

Nilimuuliza kwa nini. Alidhani wataandika uraia wa mama, kisha karatasi ile itapelekwa Uhamiaji.

Sikumlaumu, na sitaki msomaji amlaumu. Watu wa mwambao huu wana kumbukumbu. Mwaka 2013 Operesheni Kimbunga ilipopita Kagera, Kigoma na Geita kuwaondoa wahamiaji wasio na vibali, waliokumbwa ni pamoja na watu walioishi humu miaka mingi, wengine wameoa na kuolewa, wana mashamba na wajukuu. Yeye alikuja baadaye, lakini kambini alikaa na watu walioponea. Wakati wa jioni, wavu unapotengenezwa, hadithi hizo ndizo zinazosimuliwa. Mtu aliyekulia ndani yake hahitaji kufukuzwa ofisini. Hafiki ofisini.

Siku mtoto alipotimiza mitano, milango miwili ilifungwa kwa pamoja: msamaha wa matibabu uliishia hapo, na njia rahisi ya cheti iliishia hapo. Tangu siku hiyo mazoezi yakawa ya kulipia, na kwa kuwa hela ya nyumba hii inaingia mara moja kwa mwezi, mazoezi nayo yakawa mara moja kwa mwezi, kisha mara moja kwa miezi mitatu, kisha basi.

Mhudumu mmoja wa hospitali, mtu mwema, alimwelekeza: nenda ustawi wa jamii, kuna msamaha kwa wasiojiweza. Ustawi wakasema, kwa haki kabisa, lete barua ya mtaa inayothibitisha hali yenu. Mtaani wakamwomba namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa. Namba ya NIDA ya nani? Ya mwombaji. Mwombaji ni nani? Yeye aliyesimama pale. Alipojaribu shule yenye kitengo cha elimu maalumu akaulizwa cheti cha kuzaliwa. Alipouliza namna ya kupata cheti cha mtoto aliyevuka umri, mtu kwenye foleni akamwambia inasaidia ukiwa na barua ya shule. Ukichora njia hiyo kwenye karatasi unapata duara, na kila mtu ndani ya duara anafuata utaratibu wake. Sikumkuta mtu mbaya hata mmoja. Ningependa ningemkuta, maana mtu mbaya unaweza kumshitaki.

Kuna jambo jingine ambalo halimo kwenye fomu yoyote, nalo lilimfungia milango kuliko fomu zote. Ni lafudhi. Kwenye ofisi moja alianza kueleza: “Niko na mtoto hajiwezi…” Aliyekuwa mezani hakusubiri sentensi iishe. “Mama, wewe ni wa wapi?” Mtanzania anasema nina mtoto, “niko na” ni Kiswahili cha Kenya, ng’ambo ya mpaka wa Sirari, na sikio la Mwanza hulinasa mara moja. Swali halikuulizwa kwa ukali. Lakini tangu siku ile mama akaacha kuongea ofisini. Akawa anakwenda na jirani, Msukuma, amsemee. Jirani akisema “huyu mama ana mtoto mlemavu,” mama anaitikia kwa kichwa. Sasa fikiria unaeleza degedege za mwanao, zinakuja saa ngapi, zinakaa muda gani, alipewa dawa ipi ikamletea vipele, kwa kinywa cha mtu ambaye hajawahi kulala chumba kimoja na mtoto huyo. Nusu ya maelezo ilipotea njiani. Daktari mmoja aliandika kwenye kadi kwamba mama “hatoi ushirikiano.” Nimeisoma kadi hiyo. Nimemsikia pia mama huyuhuyu akinieleza kwa saa nzima, bila kukosea tarehe, kila degedege la mwaka mzima.

Binti alipokuwa na miaka sita dada yake mama alipiga simu kutoka Homa Bay: mlete huku tumwandikishe, huku kuna hela ya walemavu. Hela ipo kweli. Kenya ina mpango wa Inua Jamii, na ndani yake kaya yenye mtu mwenye ulemavu mkubwa hupewa shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi. Na kwa Katiba ya Kenya ya 2010, mtoto ambaye mzazi wake mmoja ni Mkenya ni raia kwa kuzaliwa, popote alipozaliwa. Kwa hiyo mama hakuwa akitafuta cha mtu. Alipanda basi Mwanza, akapita Magu, Lamadi, Bunda, Tarime, mtoto wa miaka sita akiwa mapajani kwa sababu hawezi kuketi peke yake kwenye kiti. Mpakani waliingia. Migori, Rongo, mpaka nyumbani.

Chifu, ofisa wa serikali wa eneo lile, alimpokea vizuri na lugha haikuwa tatizo tena. Tatizo lilikuwa kwamba msaada ule ni wa kaya inayoishi pale. Mtoto alitakiwa kupimwa na madaktari wa hospitali ya serikali ili aandikishwe kama mtu mwenye ulemavu, awe na cheti cha kuzaliwa au ushahidi wa kuzaliwa, na kaya ionekane ipo kwenye eneo la chifu, siyo imekuja kutembea. Mama alikaa wiki saba. Mwanza kulikuwa na watoto wawili wadogo wakilelewa na jirani, na mume yuko ziwani. Dawa za kifafa zikaisha, za kule zikawa za jina tofauti, mtoto akapata degedege mfululizo usiku mmoja. Akafunga mizigo akarudi.

Huyu ni mtoto mwenye nchi mbili. Kwa sheria ya Kenya ni Mkenya. Kwa Sheria ya Uraia ya Tanzania ya 1995, mtoto aliyezaliwa Tanzania kwa baba Mtanzania ni Mtanzania wa kuzaliwa. Akifika miaka 18 ndipo atatakiwa achague, maana Tanzania haimruhusu mtu mzima kubaki na uraia wa pande mbili. Mpaka siku hiyo zote mbili ni zake. Na siku alipoletwa kwangu hakuna serikali hata moja kati ya hizo mbili iliyokuwa na jina lake kwenye daftari.

Nieleze sasa nilivyokosea, kwa sababu kosa lenyewe lina funzo kwa wenzangu wanaofanya kazi hii. Niliposikia habari nzima, akili yangu ilikwenda moja kwa moja kwenye ukaazi wa mama. Nikaona huo ndio mzizi: tusawazishe kibali chake kwanza, mengine yatafuata. Nikamwandikia orodha ya nyaraka, nikamwambia tutakwenda pamoja Uhamiaji wiki inayofuata. Hakuja. Simu ikawa haipokelewi. Nilikaa bila kumwona miezi mitatu, na katika miezi hiyo mtoto hakufanya zoezi hata moja. Kumbe nilikuwa nimelisema lile jambo moja analoliogopa, na nimelifanya kuwa sharti la mengine yote. Nilikuwa nimeongeza dirisha jingine kwenye duara.

Aliporudi, aliletwa na yule jirani. Nikamwomba msamaha, na tukaanza upya kutoka upande wa mtoto. Swali halikuwa tena mama ni nani. Swali lilikuwa: huyu mtoto ni wa nani, na amezaliwa wapi? Ukiuliza hivyo, jibu linabadilika. Baba yake ni Mtanzania. Namba ya NIDA anayo, ingawa kadi yenyewe hajawahi kuitia mkononi, na kitambulisho cha mpiga kura anacho. Baba angeweza kufungua kila mlango ambao mama alisimama mbele yake. Kwa nini hakuwahi kwenda?

Kwanza, hakuna aliyemwita. Kila ofisi ilimwona mama mwenye mbeleko, ikamhesabu kuwa ndiye mwombaji. Pili, na hili nimelipata kwa kukaa nao jioni, si ofisini, baba ni mvuvi wa dagaa. Dagaa huvuliwa kwenye giza, kwa taa. Mwezi ukishapevuka taa haivuti samaki, kambi inapumzika, mgao unafanywa, wavuvi wanarudi nyumbani. Hiyo mbalamwezi ni kama wiki moja. Toa siku ya kusafiri kuja, toa siku ya kurudi, toa Jumamosi na Jumapili: zinabaki siku tatu za ofisi. Miadi ya serikali hupangwa kwa kalenda ya ukutani, maisha ya mtu huyu yamepangwa kwa mwezi wa angani, na kwa muda wote huo kalenda hizo mbili hazikukutana hata mara moja. “Njoo Jumanne ijayo na mzazi mwenzako” lilikuwa ombi dogo kwa aliyelisema.

Tukachukua kalenda tukaweka alama kwenye mbalamwezi za miezi mitano mbele, na kila miadi tuliyoomba tukaiomba iangukie hapo. Baadhi ya maofisa walishangaa, mmoja akacheka, lakini tulipoeleza walikubali wote.

Mbalamwezi ya kwanza baba alikwenda mtaani. Barua ya utambulisho ilitoka kabla chai haijapoa. Mama alikuwa ameifuata mwaka mzima. Siku hiyohiyo mwenyekiti alimwandika binti kwenye orodha ya watu wenye ulemavu ya mtaa; Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inataka kamati za masuala hayo ziwepo kuanzia ngazi ya kijiji na mtaa, na kamati haiwezi kumfikia mtu isiyemjua. Mbalamwezi ya pili tulipeleka maombi ya cheti cha kuzaliwa, usajili wa kuchelewa, kwa kadi ya kliniki, barua ya mtaa, na kiapo cha baba. Ile kadi iliyolowa maji ndiyo iliyobeba mzigo wote: tarehe ya kwanza ya chanjo bado inasomeka. Jina la mama liliandikwa na uraia wake ukaandikwa kama ulivyo, Mkenya. Mama alitetemeka mkono akiliona, lakini hakuna lililotokea. Kitu alichokifungia mlango siku ya kipaza sauti kilikuwa ni mstari mmoja kwenye fomu.

Baada ya cheti mambo yalikwenda, si yote. Ustawi waliandika barua ya msamaha, mazoezi yakaanza tena, sasa mara mbili kwa wiki. Binti alipimwa kwa ajili ya shule. Kitengo kinachomfaa kiko mbali na nyumbani, na daladala haimbebi mtoto wa namna yake asubuhi watu wanapogombania mlango, kwa hiyo hapo bado. Mpango wa TASAF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii, wa kunusuru kaya maskini huandikisha kaya kwa awamu, kupitia mkutano wa mtaa. Awamu ilipofanyika hapo kwao, mama hakuhudhuria mkutano kwa sababu zilezile, na sasa inabidi wasubiri. Asilimia 2 ya mapato ya ndani ya halmashauri iliyotengwa kwa mikopo ya watu wenye ulemavu haimhusu mtoto wa miaka saba. Watu wengi walikuwa wamemwambia mama akaidai, akapoteza nauli.

Nyonga ya kushoto imeshatoka. Mtaalamu wa viungo alisema kwa upole kwamba kama wangekuja bila kukatisha pengine isingefika hapo, na upasuaji ni jambo la kujadiliwa. Mama alisikiliza, akauliza kama mtoto anaumia. Akaambiwa ndiyo, wakati mwingine.

Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumbagua mtoto kwa ulemavu, kwa kuzaliwa kwake, kwa asili yake, hata kwa kuwa mkimbizi. Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unasema mtoto mwenye ulemavu asajiliwe mara tu anapozaliwa. Nimeyasoma maneno hayo mara nyingi na ninayaamini. Kwenye kisa hiki hakuna aliyeyavunja kwa makusudi. Ninachokidai, na nitaendelea kukidai katika kila kikao cha kata nitakachoruhusiwa kuingia, ni vitu viwili vidogo. Ofisi inapomrudisha mtu, imwandikie: tumempokea fulani tarehe fulani, amekosa hiki. Mistari miwili, muhuri. Na swali la kwanza kwa mama aliyebeba mtoto mlemavu liwe juu ya mtoto.

Nina wasiwasi mmoja ambao njia yetu haikuugusa. Imefanikiwa kwa sababu baba yupo, anamkiri mwanawe, na ana namba ya NIDA. Nyumba ya tatu kutoka kwao kuna mama wa Kirundi mwenye mtoto wa kiume asiyesikia. Baba wa mtoto alihamia mwalo mwingine, yaani ufuko mwingine wa wavuvi, na hapokei simu. Mama huyo aliiona kalenda yetu yenye alama, akaniuliza na yeye aweke alama wapi. Sijamjibu bado. Kadi ya kliniki ya mtoto anayo, na inasomeka. Nimemwomba aihifadhi pakavu.

Binti sasa anaketi. Fundi seremala wa mwaloni, anayetengeneza mitumbwi, alichukua vipimo vya kiti cha kona kutoka kwa mtaalamu wa viungo akakiunda kwa mabaki ya mbao, na mbele akaweka kimeza. Akikalishwa hapo anaona mlango, na anayeingia anaonana naye uso kwa uso. Mbalamwezi ijayo wazazi wana miadi ya kuandikisha ndoa yao. Ni mama mwenyewe aliyeiomba tarehe, akasema kwa mdomo wake: “Niko na mume Mtanzania.”